Plasta Nyuma ya Kaseti

Norsborg, Jumamosi mchana

Papa,

Sijui barua ya kwenda kwa marehemu huanzaje. Kukuuliza kama hujambo siwezi, na kukuambia kwamba sisi hatujambo ni uongo. Basi nianze kwa mpangilio ulioupenda mwenyewe, kwanza nyumba, halafu watu, halafu fitina.

Nyumba yako ya kupanga nimeirudisha kwa wenyewe. Kiti cha kuegemea nimempa yule jirani Msomali wa ghorofa ya pili, ambaye mligombana miaka miwili kwa ajili ya kelele halafu mkawa mnakunywa chai pamoja. Alilia kuliko mimi. Koti lako la ngozi amelichukua Nadia wangu. Analivaa shuleni, linamfika magotini, na nikimwambia alivue ananijibu kwa Kiswidi kwamba ni la babu, na babu alikuwa nyota. Gitaa liko kwangu nyuma ya mlango wa chumba, lina nyuzi nne vilevile. Ulikataa ninunue zile mbili zilizokatika, ukasema vidole vyako vimeshazisahau.

Tulikuzika baada ya wiki tano. Huku ndivyo ilivyo, unajua, maiti hungoja zamu yake kama mtu mwingine yeyote. Lakini jaribu kuwaeleza wazee wetu hilo. Kila siku nilitoka kazini, kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, nikafika nyumbani nikakuta viatu vimejaa mlangoni, sufuria ya fufu jikoni, na kina mama wamekaa chini wanaimba, na wewe hujazikwa. Kila siku swali lile lile: "Bado tu? Munangojea nani?" Wiki tano za matanga, Papa. Ilifika mahali machozi yenyewe yakachoka, tukawa tunakula tu na kutazamana. Hata jukwaani, wanasema, hukuwahi kufika kwa wakati.

Mama hakuja. Nilipanda treni mpaka Upplands Väsby kumwomba, nikakaa jikoni kwake nusu siku nzima. Akaniambia, mkono mdomoni kama kawaida yake: "Mi sitakuja. Nilisha mulilia zamani, angali muzima."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nazunguka.

Unamkumbuka Lena, yule mama wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe, mwenye duka la santuri. Mwaka wako wa mwisho alikuja kwako mara tatu na daftari lake. Alikuwa ameipata santuri yako moja, ile ndogo yenye nyimbo mbili, kwenye sanduku la vitu vya zamani huko Ubelgiji, akatafuta mwaka mzima kujua Jacky Radi ni nani na kama yu hai. Akakuta Jacky Radi anakaa vituo vichache kutoka dukani kwake, mwisho wa mstari mwekundu wa treni, anavaa kofia ya sufu ndani ya nyumba na kulalamika kwamba mkate wa Waswidi una sukari. Ulifurahi, usinidanganye. Siku aliyokuja mara ya kwanza ulinyoa ndevu.

Ulimwambia nyimbo si mbili. Ni kumi na moja. Ulimwambia kwamba baada ya kugombana na wakubwa redio ilifuta mikanda yenu yote mikubwa, lakini wewe ulikuwa umewahi kunakili kila kitu kwenye kaseti, nyumbani, kwa kuweka mashine mbele ya spika. "Kaseti iko kwa binti yangu," ulimwambia, mbele yangu, na mimi nikiwa nimeshika sinia la chai. "Yeye njo anatunza."

Sinia halikuanguka. Nashangaa mpaka leo kwamba halikuanguka.

Siku ya mazishi, baada ya makaburini, tulikaa kwenye ule ukumbi wa mtaa. Pasta hakutaka nyimbo za dunia, nikambembeleza. Mimi ndiye kiongozi wa kwaya yake miaka yote hii, nilimwambia, niachie saa moja tu. Akakubali, akatoka nje kupiga simu ambayo nadhani haikuwepo. Lena akaweka santuri yako.

Papa, kipaji ulikuwa nacho. Nasema hivi bila kulazimishwa, na unajua mimi si mtu wa kukusifia. Ile sauti inaanza imekwaruza, mtu anadhani imekwama, halafu inafunguka, na huwezi tena kuendelea na ulilokuwa unafanya. Mabinti waliozaliwa hapa, ambao hawajawahi kuiona Bukavu hata kwa dirisha la ndege, walisimama na sahani zao mikononi. Mzee Bernard, mpiga ngoma wako, aliyetoka Akalla, ng'ambo ya jiji, kwa fimbo yake, akapiga meza kwa vidole viwili, hakukosea hata pigo moja.

Kisha akasimama kusimulia. Alianza na mapadri waliokufukuza shule kwa sababu ya suruali ya kubana na nywele, na kwa sababu uliimba wimbo wako kanisani siku ya ugeni wa askofu. Akaja kwenye ile sherehe ya mkuu wa mkoa, mlipoamriwa kuimba kumsifu Rais. Ukachomoa waya wa gitaa mbele ya watu wote, ukasema, "Mi sipigiake mutu magoti," ukaimba wimbo wako mwenyewe bila umeme wowote, na waliokaa nyuma kabisa wakakusikia. Walikufunga wiki tatu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nadia alikuwa analia ndani ya koti lako.

Na mimi nilipiga makofi. Ningefanyaje? Ni kweli yote. Ila hadithi ya Bernard huishia kwenye lango la jela. Yetu inaanzia hapo. Walikuachia bila redio, bila jukwaa, bila kikundi. Ulirudi nyumbani na ule moto wote, na nyumbani mapadri hawakuwepo, mkuu wa mkoa hakuwepo. Tulikuwepo Mama na mimi.

Bernard akamaliza, akabaki amesimama. Akasema: "Lakini kuko wimbo moya wa polepole. Ule wa Yvonne. Jacky alikuwa anaimba ule, batu banalia. Nani iko nao?" Na watu wote, Papa, kuanzia kina mama mpaka Lena na daftari lake, wakanigeukia mimi, binti wa Yvonne.

Nikasema kaseti iliharibika.

Iliharibika. Neno zuri sana hilo, linafanya kazi lenyewe, halihitaji mtu. Wakasikitika. Wakasema ni vita, ni safari, ni unyevu wa kambini. Mama mmoja alinikumbatia akanipa pole kwa hasara. Nikaipokea pole yake.

Sasa nakuambia wewe, maana nimeshindwa kuwaambia walio hai.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeokoka miezi minne, na unajua aliyeokoka juzi alivyo mkali kuliko pasta. Kwaya yetu ilikuwa inakwenda kuimba Uvira, tukaambiwa tupeleke nyimbo zetu zimerekodiwa. Kaseti tupu hazikupatikana mjini kote. Na Jumapili hiyo tulihubiriwa kwamba kila mmoja aondoe nyumbani kwake vitu vya dunia, vitabu, hirizi, nyimbo. Watu walileta vitu vyao vikachomwa uani. Ukitaka kunitetea, nitetee kwa hayo. Wenzangu wangenitetea kwa hayo.

Lakini wewe na mimi tunajua jinsi kaseti ilivyo. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, nimekaa mapajani mwako. Nyuma yake kuna vijino viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi tena, hata ubonyeze vipi. Vya kaseti ile ulivivunja kwa ncha ya kisu mbele yangu, ukaniambia sasa hakuna mtu anaweza kuigusa. Kwa hiyo haiwezekani kukosea. Ni lazima mtu azibe yale matundu kwa makusudi.

Niliyaziba kwa plasta.

Unakumbuka ile plasta? Jumatano ya wiki hiyo wageni walikuja, wakauliza kama bado unaimba, na Mama akajibu kwamba siku hizi huimbi. Aliyasema maneno hayo bila ubaya, anamimina chai. Wageni walipoondoka ulimpiga kwa mgongo wa mkono, na pete. Jino la mbele likatoka, mdomo ukapasuka. Mimi ndiye niliyemfunga kidonda. Hatukwenda hospitali, kwa sababu hospitali wangeuliza. Nilikata plasta vipande vipande kwa wembe, na kipande kimoja kikabaki kimening'inia kwenye ukingo wa meza.

Siku tatu baadaye nilikichukua kile kipande, nikakigawa mara mbili, nikaziba. Ilishika vizuri. Nikaibeba kaseti mpaka kanisani ndani ya Biblia, na tukaimba juu yako, pande zote mbili. Watu thelathini na watano, Papa, tunapiga makofi. Nilisimama mbele. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, na furaha hiyo niliiita Roho.

Tuliporudi kutoka Uvira niliirudisha kwenye kopo lako la biskuti. Hukuwahi kuifungua. Mashine ilikuwa imekufa, halafu vita vikaja, halafu nikaibeba mimi, kupitia kambi ya Uganda mpaka huku, na kila mtu akaniona mtoto mwema anayetunza kazi ya baba yake. Ulinisifia mbele za watu. Ulikuwa hutusifii, lakini kwa hilo ulinisifia.

Na pale hospitali, wiki ile ya mwisho, uliniomba niipige. Nikasema mashine hakuna. Ulishika mkono wangu, ulikuwa hushiki mkono wa mtu, ukasema: "Haina neno. Iko. Mi niko mule ndani." Ukalala. Nilikuwa na nafasi, Papa. Siku nne ulikuwa unasikia kila kitu, na kila siku nilisema kesho.

Maji yakimwagika hayazoleki, nimewaimbia watu wimbo mzima juu ya methali hiyo. Sasa nimekaa nayo.

Wiki mbili baada ya mazishi Lena alikuja na mashine ya zamani kwenye mfuko wa dukani, akasema hata iliyoharibika huwa inatoa kitu, tujaribu. Nikamwambia nitajaribu mwenyewe, ni mambo ya familia. Ni mtu wa heshima, aliiacha akaenda. Pia aliniachia kazi ya kuandika ukurasa mmoja kukuhusu, kwa ajili ya santuri mpya. Anataka ile ya kuchomoa waya. Nimeandika "Baba yangu alikuwa mtu" mara saba, sikupata neno la kufuata.

Niliisikiliza asubuhi moja, Nadia akiwa shule. Upande wa kwanza ni sisi mwanzo mpaka mwisho. Niliisikia sauti yangu ya miaka kumi na tisa, kali, haina shaka juu ya kitu chochote. Nilitamani kuingia mule nikamzabe kofi, halafu nikajikumbusha kofi limetufikisha wapi. Upande wa pili sisi tena. Kisha tunasema amina, kuna mlio, na kwaya inakatika. Tulimaliza kabla ya mkanda kuisha.

Na baada ya mlio, wewe.

Usifurahi mapema. Hakuna wimbo. Kuna mwisho tu wa mwisho wa wimbo wa Yvonne, uzi mmoja wa gitaa unaofifia. Halafu ni chumba. Ulikuwa umesahau kuzima mashine. Kiti kinalia, jogoo wa jirani anawika. Kisha unauliza, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia kwako, sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Yvonne, ni muzuri?" Na mwanamke anacheka. Anacheka kwa mdomo wazi, mpaka anakosa pumzi, na kusema: "Ni muzuri. Rudilia." Halafu mkanda unaisha.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza. Sijui mara ngapi. Sikulia kwa ajili yako, samahani. Nililia kwa sababu ya yule mwanamke. Mama huficha mdomo akiongea, huficha mdomo akila, na akicheka hutoa pumzi puani tu. Huku walimwekea jino jipya tulipokuwa bado tunaishi kwenye ile nyumba ya kwanza, jino zuri kabisa, na mkono haukushuka.

Jumapili iliyopita baada ya ibada niliibeba mashine mpaka Väsby. Nilidhani nampelekea zawadi, ndio ujinga wangu huo. Nikaiweka mezani kati ya vikombe, nikabonyeza. Sauti yako aliijua kabla hujamaliza neno la kwanza. Nilimwona anavuta kiti nyuma, bega limepanda, baada ya miaka yote hii na wewe uko chini ya ardhi. Kisha kile kicheko kikaja. Akainamisha kichwa kusikiliza. Akasema: "Rudilia." Nikarudia. Akaniuliza:

"Ule mwanamke ni nani?"

Papa, nilifungua mdomo. Mimi ninayesimama kila Jumapili mbele ya watu mia. Sikuweza. Kama ningemwambia, "Ni wewe, Mama," ningemwonyesha alichokuwa nacho. Kama ningemwambia simjui, ningekuwa nimemfuta mara ya pili. Akauliza tena, na safari hii hakuwa ananiuliza mimi. Aliutoa mkono mdomoni, akaigusa ile mashine kidogo, kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha akaurudisha mkono mahali pake, akainuka kuosha vikombe. Alinifungia chapati nije nazo.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyo. Wimbo wako siwezi kuurudisha. Jino la Mama siwezi kulirudisha. Nilikufuta kwa sababu ulimpiga, na nilipokufuta nikafuta pia wimbo pekee uliomwimbia yeye. Nimejaribu kukukasirikia nikajikuta mimi, nimejaribu kujikasirikia nikakukuta wewe. Umeniachia sauti yako pia, kila mtu kanisani anasema, na mkono pia, naujua, nimewahi kuuinua kwa Nadia nikaushusha njiani.

Siku ya kutoa matanga imewekwa, mwezi ujao, ukumbi ule ule. Watakuja wote. Ninakuahidi, na wewe ahadi zangu sasa huna namna ya kuzidai, kwamba nitasimama mbele ya Bernard na Lena na mjukuu wako ndani ya koti lako, nitasema kaseti haikuharibika. Nitasema ni mimi. Wakiuliza kwa nini, nitamtazama Mama kwanza kama atakuja, na kama hatakuja nitampigia simu kumwomba ruhusa, maana lile jino ni lake, si langu wala lako. Asipokubali nitasema tu kwamba ni mimi, nao wanifikirie watakavyo. Nadia najua hataongea nami siku kadhaa. Ukurasa wa Lena nitauanza na Yvonne. Kile chumba na kile kicheko simpi Lena, simpi mtu.

Lala salama, Papa. Sikusamehi leo, na sikuombi unisamehe leo. Tupeane muda, wewe unao mwingi.

Kabla ya kuanza barua hii nilifanya jambo moja. Nilichukua ile kaseti, nikaweka kucha chini ya plasta, nikaibandua taratibu, kipande kimoja, halafu kingine. Ilikuwa bado imeshika. Sasa matundu yako wazi kama ulivyoyaacha, na hakuna mtu anayeweza kurekodi juu ya kicheko cha Mama, hata mimi.

Binti yako,
Furaha